Kama Mchele Wetu Hauingii

Mangobo, Kisangani

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kabla ya yote, na hapa nilipo nakuona kabisa umekaa kwenye mkeka, umenyoosha ule mguu unaokusumbua, na Kaka Hamisi yuko mbele yako ameshusha miwani puani. Kaka, shikamoo na wewe, lakini nakuomba usome yote kama yalivyoandikwa. Najua tabia yako ya kuruka mistari ukiona mambo ya wanawake.

Mguu unaendeleaje, mama? Unauchua kila jioni au ukipata nafuu kidogo unaacha? Sisi huku hatujambo kwa uwezo wa Mungu. Salehe amerefuka mpaka suruali zinamkimbia. Asha ameng'oka meno ya mbele, na Kiswahili chake sasa ni cha hapa hapa: mama iko, mvua iko, njaa iko. Nikimsahihisha ananiambia mimi ndiye nisiyejua. Baba yao bado anatengeneza pikipiki pale njia panda na bado anarudi mweusi kwa oili, nami bado namgombeza asiguse mapazia. Vita mnayoisikia redioni iko mbali nasi, msikeshe kwa ajili yetu.

Ile sauti uliyomwambia Hamisi anitumie kwenye simu nimeisikiliza mara nyingi. Ulisema kama mji huu umenifungia mlango nirudi Ujiji na wanangu, nitapata meza soko la Mwanga, na wala si aibu. Sikukujibu kwa simu kwa sababu nikipiga mimi nasema "nzuri tu", wewe unalia, vocha inaisha. Kwa hiyo nimemwomba mama mmoja muuza vitenge, anayekuja Kigoma kwa biashara, akubebee barua hii. Kwanza ujue yaliyotokea, kisha nitakujibu.

Kazi yangu unaijua. Mimi na Mama Véro, yule jirani yangu Mlokele wa Isangi aliyenipokea nilipofika hapa sijui hata njia ya kisimani, pamoja na wenzetu wachache, tunanunua mpunga wa Yahuma unaposhushwa bandarini, tunaukoboa mashineni, tunaupepeta na kuufunga kwenye mifuko. Supamaketi kubwa ya mjini, ile yenye wakubwa wake Kinshasa na tawi jingine Lubumbashi, ilikuwa inauchukua karibu wote. Ina jina refu la Kifaransa, lakini watu wanaiita Kwa Baridi, kwa sababu ya ile mitambo inayokufanya utoke humo unapiga chafya. Mchele huo ndio uliowasomesha wajukuu zako.

Basi, mvua zilipoanza tulipeleka mzigo mlango wa nyuma kama kawaida, tukaambiwa haupokelewi tena. Amri imetoka juu. Mchele utakuja kwa kontena kutoka ng'ambo, tayari umefungwa, una picha ya maua. Na si sisi tu. Mwoka mikate wa mtaa wa pili alirudishwa na mikate yake ingali moto. Wa mananasi alirudishwa, na wa mawese, yaani hata mawese, mama, katika mji ambao michikichi inaota yenyewe. Nilirudi nyumbani na mifuko juu ya baiskeli, tukaipanga chumbani kwetu mpaka dirishani. Usiku tukawa tunawasikia panya wanashangilia. Nikaazima paka kwa jirani, naye akala dagaa wangu akawaacha panya.

Wakati ule ndipo nilipokupigia na sauti ikanikatika. Sikukuficha, nilikuwa nimekata tamaa.

Ambacho sikukwambia, kwa kuwa kilikuwa hakijatokea, ni yale waliyofanya wanunuzi. Mama Véro aliweka mchele kando ya barabara, akaanza kuuuza kwa kopo. Wateja wakashangaa: huu si ndio tuliokuwa tunaununua Kwa Baridi? Mama mmoja muuguzi, amevaa sare yake anatoka kazini, alisikiliza mkasa wote, akapachika kikapu mkononi, akasema neno ambalo kufika kesho yake lilikuwa limeshazunguka Mangobo yote:

"Kama muchele yetu haiingie, basi na siye hatuingie."

Hakuna aliyeitisha mkutano. Kinamama wa kwaya walilibeba neno lile kanisani kwao, sisi tukalifikisha msikitini, na madereva wa pikipiki wakamalizia kazi. Ukimwambia dereva akupeleke Kwa Baridi anakupeleka, hela ni hela, lakini njia nzima anakuuliza unakwenda kununua nini ambacho Mangobo hakuna, na kwa sauti ya kusikika hata na wapita njia. Watu wengi waliona heri washukie mbali watembee. Wengine waliona heri wasiende. Kidole kimoja hakivunji chawa, ulikuwa unatuambia, lakini sikujua mji mzima unaweza kukunja vidole namna ile.

Hata kwangu mgomo uliingia na mashaka yake. Mkweo anapenda maziwa ya unga ya kopo, yale ya pale tu. Siku moja nimemkuta ameingia na mfuko mweusi, anaupitisha nyuma ya mgongo. Nikaufungua. Ndani ya mfuko mweusi mlikuwa na mfuko mweupe wa Kwa Baridi, na ndani ya mweupe mlikuwa na kopo. Akaniambia ni ya mteja. Nikamuuliza mteja gani anayeletewa maziwa na fundi pikipiki. Tulicheka mpaka Asha akaja kuuliza kuna nini, lakini maziwa yale aliyanywa nje, nyuma ya nyumba.

Kilichokuwa si cha kucheka ni Feza. Huyu ni mdogo wake Baba Salehe, tunaishi naye, na ni keshia Kwa Baridi. Kila jioni alirudi akisema duka limenyamaza, mtu anasikia majokofu yanavyonguruma. Jioni moja tunachambua sombe, kisamvu chetu kile, akaniambia bila kuniangalia, akiniita yaya kama huku wanavyomwita dada mkubwa: "Yaya Mwamvua, ninyi munagoma, lakini wa kwanza kufukuzwa ni miye." Mshahara wake ndio uliokuwa unanunua chumvi na sabuni katika nyumba ambayo mchele wake haununuliwi. Usiku ule ndipo nilipomwambia mume wangu habari ya meza yako ya Mwanga, naye hakukataa. Alisema tungoje mpaka mvua ziishe, kama hakuna kilichobadilika niende na watoto, yeye atafuata.

Mvua hazijaisha, baba yake Mama Véro akafariki. Mzee mwenyewe alikuwa nahodha wa mashua za mtoni, kila mtu anamjua. Matanga yakawekwa uwanjani, maturubai, viti, kwaya, watu kutoka Yanonge na Isangi wanamiminika na mitumbwi. Mimi na wenzangu ndio tulioshika jikoni. Mchele uliopikwa ni ule ule uliokataliwa, na angalau hapo tulikuwa hatuna upungufu.

Siku ya pili, asubuhi, ikaingia pikipiki ya magurudumu matatu. Juu yake magunia ya mchele wa ng'ambo, yale ya maua, na makatoni ya samaki wa barafu. Na juu ya magunia amekaa Feza na sare yake ya kazi, uso ameuinamisha. Mkurugenzi wa Kwa Baridi ametuma rambirambi.

Mama, wewe ni mtu wa misiba, utaelewa jinsi tulivyoganda. Rambirambi hairudishwi, mwenye kuirudisha amemtukana maiti. Lakini tukiupika mchele ule, mbele ya Mangobo nzima, mgomo umekwisha, tumekula wenyewe kile tulichowakataza wenzetu. Vijana walishaanza kusogea, wanasema mizigo irudi ilikotoka. Na aliyekaa juu ya mizigo ni binti yetu. Ilikuwa hila, au ilikuwa huruma? Baadaye Feza aliniambia kwamba mkurugenzi naye alimzika baba yake si zamani. Mimi naamini pole yake ilikuwa ya kweli na hesabu zake zilikuwa za kweli. Mtu mmoja anaweza kubeba yote mawili.

Mama Véro alikuwa amekaa chini na khanga kichwani, sauti imemkauka kwa kulia. Akainuka, vijana wakampisha. Akamshusha Feza kwa mkono wake, akamfuta jasho, akasema taratibu:

"Kifo haina kugoma. Mutu akileta pole, tunapokea. Lakini pole haitumwake na mutoto. Rudia, umuambie directeur yako aje ye mwenyewe, akule na siye. Mizigo yake itamungojea."

Alisema vile kwa sababu huku ndivyo ilivyo: aliyeleta chakula cha msiba hakiachi mlangoni akaenda zake. Anakaa na wafiwa, ananawa nao, anakula nao, la sivyo watu watajiuliza ameleta nini. Mizigo ikawekwa chini ya turubai peke yake, haikufunguliwa, wala haikurudishwa. Vijana wakakaa kuilinda kama vile ingeweza kukimbia.

Mchana mkurugenzi akaja. Kwa miguu kutoka barabarani, bila dereva, shati limemgandia mgongoni. Ni mtu wa Lubumbashi, si mzee sana, na anasema Kiswahili cha kwao. Alimpa Mama Véro mkono akainama, akasema kwao pia wafu wanaliliwa. Akakalishwa katikati yetu, wapishi upande mmoja, mwoka mikate na wa mananasi upande wa pili. Nadhani hapo ndipo alipojua amekaa na nani, lakini mtu akishanawa mikono hainuki.

Nikampakulia mimi mwenyewe. Wali wa Yahuma, samaki wa mtoni, sombe. Anakula vizuri, sisi tunamtazama tukijifanya hatumtazami, anaomba kuongezewa. Nikaona kifua kinanipanda kwa furaha. Nikamwongezea. Tonge la kwanza la sahani ile, akauma jiwe.

Lilisikika, mama. Hata kwaya nadhani walilisikia. Akaacha kutafuna, akalitoa, akaliweka kwenye ukingo wa sahani. Na mchele ule nilikuwa nimeupepeta mimi kwa mikono yangu. Nilitamani nijifunike kwa sufuria. Kila mtu alikuwa anangoja yeye acheke au akasirike, naye hakufanya hata moja. Akanywa maji, akasema:

"Bon. Njo ile wateja wanarudishaka, mama. Miye Kinshasa waliniuliza juu ya mawe, nikakosa jibu, wakakata."

Kumbe wateja walikuwa wanaurudisha mchele kwa ajili ya mawe, na ndiyo ilikuwa sababu, au angalau ilikuwa sababu moja. Miezi yote ile tuliambiwa amri imetoka juu, hakuna aliyetuambia mawe. Nikamuuliza, maana aibu ilikuwa imeshanipata na haikubaki nyingine ya kuogopa, kwa nini hakuja kutuambia kwa mdomo. Akaligeuza lile jiwe kwa kidole. Kisha akasema wazi kwamba aliona ni rahisi zaidi kufunga mlango. Na mimi nikasema wazi kwamba mawe tulikuwa tunayajua. Ndiyo, tulikuwa tunayajua, tukadhani wateja wameyazoea. Mficha uchi hazai, mama, na sisi na yeye tulikuwa tumefichana miezi mizima.

Tuliongea pale pale matangani mpaka jua likapungua. Hakutuahidi mbingu. Alisema mchele wa Yahuma atauombea Kinshasa, na mikate, na mananasi, na mawese, kwa sababu duka lake linakufa na karatasi za Kinshasa haziwezi kulizuia lisife. Lakini mchele hauingii na mawe. Mama Véro naye akamwambia mgomo hauishi kwa ahadi, unaisha siku vitu vitakapokuwa ndani, na kwamba binti zetu makeshia wasiguswe. Akakubali. Kabla hajaondoka, wageni wa Yanonge walifungua mizigo yake, wakapika, tukala sote, kwa kuwa sasa mwenyewe ameshakuja. Nisiseme uongo, mchele wake ulikuwa mweupe sana na haukuwa na ladha yoyote.

Sasa shida ikabaki mawe. Wenzangu wakasema tupepete mara mbili, wengine wakasema tuchague punje kwa punje. Mimi nikakumbuka dagaa. Nikakuona wewe pale ufukweni, zamani, ulipoacha kuanika dagaa kwenye mchanga ukapiga chanja za fito na nyavu, majirani wakakucheka kwamba Mama Hamisi anawalaza dagaa kitandani, mpaka wanunuzi walipoanza kuja kwako wakiwapita wao. Mpunga wa Yahuma unaanikwa chini, kwenye udongo, kando ya barabara. Mawe hayatoki mashineni, yanatoka huko.

Kwa hiyo nilipanda boti mpaka Isangi, kisha pikipiki, na nililia barabara nzima kwa mashimo. Wakulima walinisikiliza kwa adabu, wakanipa ndizi, wakasema mpunga umeanikwa chini tangu babu. Mzee mmoja akaniuliza mimi ni mtu wa wapi hata niwafundishe mpunga. Nikasema natoka kwenye ziwa, sijui mpunga, najua dagaa. Wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichonisaidia, maana mkewe yule mzee akasema tupige chanja moja tuone. Tukaipiga kwa mianzi, tukatandika mikeka, tukaanika. Nilipoondoka kulikuwa na chanja nyumba kadhaa, na kuku wamekasirika sana kwa sababu hawafikii.

Mzigo wa kwanza tuliukoboa, tukaupepeta, na nikapika chungu kizima nyumbani, nikawaambia wote watafune polepole. Hakuna aliyeuma kitu. Kinshasa walikuwa wameshakubali kwa shingo upande, tukaupeleka. Safari hii mkurugenzi akasema tupitie mlango wa mbele. Nikaingia na kilemba changu cha Idi, baridi ikanipiga, nikapiga chafya kabla sijasalimu mtu. Wanawake wa Mangobo walikuwa wanangoja nje na vikapu, na yule muuguzi alikuwa wa mbele yao. Walipoona mifuko imewekwa, wakaingia. Feza alikuwa kwenye kiti chake cha keshia, anapokea watu.

Si kwamba sasa ni peponi. Mchele wa maua bado upo, rafu ya pili, na kuna wanaoununua. Kinshasa wanaweza kubadilika tena kesho. Mwoka mikate anachukuliwa nusu tu ya zamani. Lakini barabara yote ya Mangobo sasa inajua mlango ule unavyofungwa na unavyofunguliwa, na mkurugenzi akiwa na neno anakuja kuliketia kwa Mama Véro.

Nisalimie watu wangu. Nisalimie Baba Mdogo na umwambie kanzu aliyoniagiza naitafuta bado. Nisalimie Shangazi wa Gungu, shoga yako jirani muuza mihogo, na mke wa Hamisi, nasikia ana mimba, Mungu ampe wepesi. Mdogo wangu Zaituni mwambie aache kunitumia picha za nguo, sina uwezo. Mama Véro anakusalimu sana; hakujui, lakini tangu habari za chanja anakuita Mama wa Dagaa.

Kaka Hamisi, hapa soma polepole, na umshike mama mkono.

Mama, meza ya Mwanga mpe Zaituni. Sirudi. Sisemi hivi kwa ukaidi wala kwa sababu sikukukumbuka. Usiku wa matanga nililia kilio cha mzee wa watu na nusu yake ilikuwa yako wewe, uliye mzima na uko mbali. Ila nyuma ya nyumba yetu moshi unafuka wiki nzima sasa. Tunachoma matofali. Tunaanza na chumba kimoja, kina mlango wake kwa nje na hakina ngazi hata moja, kwa ajili ya mguu wako.

Mwanao akupendaye,
Mwamvua